Gari Langu Haliendi Barafuni

Barabara ya Kinu cha Mbao,
Salmela, Michigan.
22 Januari

Mwenyekiti,
Kamati ya Gari la Barafuni,
Kikosi cha Zimamoto cha Kujitolea,
Salmela.

YAH: GARI LANGU KUTANGAZWA MAREHEMU LIKIWA BADO LINATIBIWA

Ndugu Mwenyekiti,

Hujambo, na mkeo Darlene hajambo? Mimi ni mzima ila nimekasirika. Sitakuita Arne humu ndani kwa sababu barua hii ni rasmi, ingawa wewe ni binamu yangu, na Jumamosi iliyopita tulikaa benchi moja kwenye mvuke wa sauna usinitazame usoni hata mara moja. Nilijua una jambo. Jumatatu nikalijua ni jambo gani.

Mila yetu siipingi. Kila Februari gari lililokufa husukumwa ziwani, likakaa juu ya barafu hadi barafu ichoke kulibeba, na watu hununua tiketi kubashiri siku na saa litakapozama. Mimi mwenyewe nimebashiri tangu nina meno ya utotoni na sijawahi kushinda. Lakini malalamiko yangu ni haya:

1. Tiketi mmeshazichapisha, na picha iliyo juu yake ni ya gari langu. Nimeiona dukani kwa Verna: gari langu la kahawia, la mwaka 1990, mmelikata na kulibandika katikati ya ziwa. Verna akanishika mkono akaniambia, "Pole, Reino. Lilikuwa gari zuri." Lilikuwa! Ndugu Mwenyekiti, mgonjwa yuko kitandani, ninyi mnauza viti vya mazishi. Kufa kufaana, sawa, lakini ngojeni basi tufe.

2. Watu wanasema injini ile haina matumaini. Hawajui wasemalo. Ilinoki ikazimika siku ya pili ya msimu wa kuwinda kulungu, Novemba, nikirudi kutoka msituni mikono mitupu. Nakiri oili ilikuwa imekwisha, na stiki ya oili sikuwa nimeichomoa tangu Pasaka. Fundi Lorna Pelkola aliifungua, akaitazama, akanipa njia mbili. Ya kwanza, kuitoa na kuweka nyingine ya mtumba, anayo pale pale gerejini, kazi ya siku mbili. Ya pili, kuitengeneza hii hii, pistoni kwa pistoni, kazi ambayo hakuna ajuaye itakwisha lini. Nilichagua ya pili kabla hajafunga mdomo. Wewe ukanicheka mbele ya watu: "Weka nyingine, bwana, yaishe. Au umerogwa?" Sikurogwa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nami ni mtu wa msimamo.

3. Kifungu cha nne cha kanuni zenu kinasema kwamba gari ambalo matengenezo ya injini yake yanazidi thamani ya gari lenyewe ni haki ya barafu. Nimekisoma mara tatu kwa miwani na mara moja bila miwani. Ndugu Mwenyekiti, mwaka juzi uliwekewa goti la chuma. Darlene alinitajia bei yake. Nami nimekujua miaka sitini na sita, thamani yako naifahamu. Kwa kifungu hicho hicho ulipaswa kuwa ziwani tangu Februari ile. Mchungaji Lundeen ana betri kifuani. Mzee Sulo meno yote ni ya kununua, na ndiye anayeongoza kwaya. Tukianza kusukuma barafuni kila kilichogharimu zaidi ya kinavyostahili, Jumapili nani ataimba?

Kwa hiyo napendekeza kifungu kifutwe. Kamati ikikataa, basi wewe ukae mahali pa gari langu, juu ya kiti, na blanketi mbili, hadi Aprili. Tiketi zitauzika zaidi kuliko mwaka wowote. Mimi nitanunua kumi.

4. Mmeniandikia kwamba ifikapo Jumamosi niwe nimeweka injini nyingine au niwe nimekabidhi gari. Huku ni kumharakisha fundi, na fundi anahitaji utulivu. Mimi ni shahidi. Kila siku saa tisa alasiri nafika gerejini, na saa kumi na moja naondoka. Gari lenyewe limefunikwa turubai, siruhusiwi kulifunua lisipate vumbi. Ninachofanya ni kukagua pistoni. Zimepangwa mezani juu ya kitambaa, nazigeuza moja moja, na Fundi Lorna ananieleza kila moja inaumwa wapi. Kisha anateleka kahawa kwenye jiko la kuni, ananikatia mkate wa iliki, tunaijadili injini. Jumanne tuliijadili saa mbili nzima, ingawa sehemu kubwa ilihusu dada yake wa Duluth, na kwa nini mwanamume mwenye miguu mizuri kama mimi hakujifunza kucheza polka. Yote hayo ni matengenezo.

Miguu mizuri ni maneno yake, si yangu. Nayataja kwa ajili ya kumbukumbu za kamati.

5. Hili sikutaka kuliandika. Mke wangu Elsie ana miaka tisa kaburini. Nyumbani kwangu saa ya ukutani inasikika hadi chooni. Nikiweka injini nyingine, siku mbili kazi imekwisha: Lorna ananipa funguo, nasema ahsante, naendesha kwenda nyumbani. Mkilichukua gari, hata sababu ya kubisha hodi gerejini sina. Siku mbili, Arne. Halafu saa tisa niende wapi?

6. Kutokana na hayo nadai tiketi zote zirudishwe na Verna aniombe radhi kwa ile "lilikuwa". Nadai pia injini yangu itambuliwe rasmi kuwa inatengenezwa bila kikomo, na mwanakamati yeyote asithubutu kumwuliza Lorna itakwisha lini. Ni mtu mkweli, anaweza kujibu.

Nisalimie Darlene, nalo goti lipe pole. Wasalimie wanakamati wote, hata Gordy aliyepiga ile picha siku gari linavutwa kwa mnyororo, badala ya kuja kusukuma. Wasalimie na wanao wakipiga simu.

Wako, nisiyekubali kuzamishwa,

Reino Haapala

Tanbihi: Kabla ya kuitia posta nilipitia gerejini kumsomea Lorna barua hii, aone ninavyomtetea. La tano nilikusudia kuliruka, lakini akaninyang'anya karatasi akasoma mwenyewe. Akaikunja. Kisha akavuta turubai, akaingia kwenye gari langu, akaliwasha. Liliwaka mara moja. Alimaliza kuifunga ile injini wiki moja kabla ya Krismasi, na zile pistoni ninazozikagua tangu siku hiyo ni za trekta la Mzee Sulo. Nikamwuliza mbona hakusema. Akanijibu, "We Reino, gari likishapona ungekuja kufanya nini hapa?"

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, la kwanza hadi la sita. Chukueni gari. Mtu asiye na gari hana budi kupelekwa kanisani na mwenye gari, na Lorna amekwisha sema atanipitia Jumapili. Kanuni zenu zinataka injini itolewe kwanza isichafue ziwa. Ni kazi ya asubuhi moja, lakini Lorna anasema hii itamchukua wiki tatu, nami nitakuwepo kumshikia tochi. Tafadhali sogezeni tarehe.