Plastiki Namba Nne

Siku Abdulatif alipomwona Elinipa akitoa kitu chenye umbo la meno mdomoni na kukilaza juu ya karatasi laini kando ya sahani, hakushtuka kama walivyoshtuka wengine mle hotelini Kibirizi. Mhudumu alirudi nyuma hatua mbili. Mzee wa meza ya pembeni alisoma dua. Abdulatif yeye alisogeza kiti karibu.

Hayakuwa meno. Ilikuwa plastiki nyembamba, angavu, ile wanayovalishwa watu ili meno yaliyopishana yarudi kwenye mstari. Wiki chache nyuma daktari mmoja alipiga kambi mjini, akawavalisha maofisa kumi na wanne, akaenda zake. Aliwaachia seti za kubadilisha na karatasi za maelekezo, na karatasi hizo, kama ilivyo desturi ya karatasi za maelekezo, ziliishia kufungia karanga.

Elinipa, ofisa aliyehamishiwa Kigoma kutoka Same, aliinua plastiki yake kwenye mwanga akaguna. Ilikuwa ya manjano kama ganda la ndizi mbivu.

"Mawese," alisema Abdulatif, kwa sauti ya daktari anayeleta habari mbaya. "Pole sana, dada."

Alijuaje? Hakujua. Lakini tangu azaliwe Ujiji hajaona kitu kilichogeuka manjano bila mawese kuhusika. Shati lake lenyewe lilikuwa ushahidi.

"Lakini navua kila ninapokula," Elinipa alijitetea.

"Unavua, unakula samaki wako mgebuka. Halafu?"

"Halafu naivaa."

"Bila kusukutua?"

Elinipa akatazama sahani.

"Basi mgebuka bado yumo, dada yangu. Umemfungia humo na mchuzi wake."

"Naisugua kwa dawa ya meno mpaka kiganja kinauma."

"Umeichubua. Ndiyo maana imefifia."

"Kwenye karatasi ya daktari kuliandikwa jambo kuhusu maji ya moto," Elinipa alisema. "Sikumbuki kama ni yatumike au yasitumike."

Abdulatif naye hakujua, kwa hiyo aliitikia kwa kichwa, polepole, kwa uzito unaostahili.

Sasa tumweke kijana huyu kwenye mizani kabla hajatuponyoka. Alikuwa na miaka ishirini na minane, ulimi mwororo, na kazi saba zilizoshindikana, zote za maneno. Alikuwa pia na ugonjwa mmoja, jina lake Nasra, msichana wa duka la kuchapisha pale Rusimbi. Nasra hakumkataa. Aliyekataa ni mama yake, Bi Mwasiti, mwanamke wa Ujiji anayepika sabuni ya mawese uani kwake. Sharti lake lilikuwa jepesi mno hata likamkera Abdulatif: mtu anayetaka kumwoa binti yangu, awe na kazi inayoelezeka kwa sentensi moja.

Abdulatif alishajaribu kueleza kazi zake mbele ya mama huyo. Jaribio la mwisho lilichukua dakika arobaini, na liliishia na neno "uwekezaji".

Hapo hotelini, akiitazama ile plastiki, sentensi ikamjia nzima: *Nasafisha plastiki za meno za maofisa.* Alikaribia kulia.

Kesho yake alinunua kwa Bi Mwasiti mwenyewe mche mmoja wa sabuni, ile isiyo na manukato wala rangi. Aliikwangua, akaiyeyusha kwenye maji ya ziwa aliyoyachuja, akayajaza kwenye vichupa vilivyowahi kuwa vya dawa ya macho. Kisha akaenda kwa Nasra amchapie lebo: *Kilindi: Maji ya Chini Kabisa ya Tanganyika.*

"Umeyachotaje chini kabisa?" Nasra aliuliza bila kuinua macho kwenye kompyuta.

"Kwa kamba ndefu."

"Ndefu kiasi gani?"

"Wewe chapa, mpenzi. Mambo ya kamba niachie mimi."

Nasra alinusa kichupa, akakiweka chini taratibu, akachapa. Abdulatif aliona tabasamu lake akadhani ni mapenzi.

Biashara ikashika moto. Aliingia ofisi hadi ofisi, amechomekea, mkoba kwapani, na mlangoni alitanguliza ubeti wake mwenyewe:

*Plastiki ya meno yako, ikigeuka manjano,*
*Kilindini ndiko iko, dawa isiyo mfano.*

Akawaagiza wateja waloweke plastiki robo saa katika maji baridi yenye matone kumi, waisugue kwa brashi laini, waisuuze, na waiweke kwenye kikopo chake badala ya karatasi laini, maana wawili kati yao plastiki zao zilishafagiliwa pamoja na miiba ya samaki. Haya yote aliyabuni njiani, ili dawa ionekane ina masharti. Sasa sikia kioja. Yalikuwa sahihi. Sabuni nyepesi, maji baridi, brashi laini: ndiyo usafi wenyewe wa plastiki za meno, hakuna siri nyingine. Plastiki za mji mzima ziling'aa. Abdulatif alikuwa ametapeli kwa nia safi ya kutapeli, na kwa bahati mbaya akasema ukweli.

Jambo hilo lilimsumbua kidogo, lakini si sana.

Kilichomsumbua zaidi ni swali la wateja: "Mbona wewe mwenyewe huvai?" Hapo akili yake ilipiga hatua moja mbele kuliko ilivyofaa. Plastiki hizi hubadilishwa kila baada ya wiki mbili, seti mpya kwa seti ya zamani. Alimwendea Elinipa akamwomba seti ya juu aliyokwisha kuivua.

"Ya nini, kaka?"

"Inakwenda maabara. Tunafanya utafiti."

Elinipa akampa, amefurahi kuchangia sayansi.

Maabara ilikuwa chumba cha Abdulatif, na mtafitiwa alikuwa mdomo wake. Aliisugua plastiki ile mara tisa, akafumba macho, akaivaa. Ikagoma, kwani Elinipa ana meno madogo ya watu wanyenyekevu, na yeye jino lake moja la juu limepanda jirani yake kama mtu anayechungulia ukuta. Aliitumbukiza kwenye maji ya chai. Ikalegea kama utando wa maziwa. Akaibana menoni, ikapoa, ikakaa. Kwa mtu mwingine tukio hilo lingekuwa onyo kuhusu vitu vya moto. Kwake lilikuwa ushindi, na akatoka nje kutabasamia watu.

Akiwa na tabasamu hilo alituma barua ya posa kupitia kwa mjomba wake. Jibu la Bi Mwasiti lilirudi siku hiyohiyo: barua nimeipokea, kijana aje Ijumaa baada ya swala, lakini wakwe huulizia tabia ya mposaji, basi aniletee majina ya watu wanaomjua kwa kazi yake.

Hapo mwerevu yeyote angetaja majina mawili, ya watu walio safarini. Lakini Abdulatif alikuwa na kiburi cha mtu ambaye, kwa mara ya kwanza maishani, ana wateja walioridhika. Aliyaandika yote kumi na manne, kila jina na ofisi yake na namba yake ya simu. Aliyapanga kwa vyeo.

Ijumaa alifika amenyooka kama rula. Uani kulikuwa na masufuria ya sabuni, mkekani ameketi Bi Mwasiti, na pembeni yake Nasra, macho chini kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Nimeulizia habari zako. Watu wanakusifu."

Abdulatif akatoa tabasamu lote.

"Kunywa kahawa kwanza. Maneno hayakimbii."

Kahawa ilimiminwa kutoka kwenye birika lililokuwa bado linanguruma juu ya makaa. Abdulatif aliitazama ikifuka mvuke, akaikumbuka plastiki. Je, aivue? Mbele ya mama mkwe, siku ya posa, achomoe kitu mdomoni chenye mate yake? Je, akatae kikombe? Mposaji anayekataa kikombe cha kwanza amejikataa mwenyewe. Kwa hiyo alifanya alichofanya maisha yake yote. Alitabasamu akameza.

Ilikuwa moto kweli. Machozi yalimtoka.

"Ongeza," alisema Bi Mwasiti.

Akaongezwa. Alihisi plastiki ikilegea, ikitambaa nyuma ya lile jino lililopanda na kulikumbatia. Bila kufikiri alidaka kata ya maji ya mtungini, akanywa mafundo matatu ya baridi. Kitu kikakaza mdomoni kama kufuli.

"Haya, mwanangu," alisema Bi Mwasiti, akikunja mikono. "Nieleze kwa sentensi moja. Unafanya kazi gani?"

Sentensi alikuwa nayo. Alikuwa ameilalia na kuamkia. Alifungua mdomo.

"Nathathitha plathiki tha..."

"Sijasikia."

"Thathitha," Abdulatif alisema, na jasho likamtoka. Aliingiza kidole akavuta. Kikavutika kichwa.

Wakati huohuo mlango wa ua ukafunguliwa, akaingia Elinipa na kapu. "Hodi, Bi Mwasiti, nimefuata ile miche sita." Akamwona Abdulatif na kidole mdomoni, akainama kwa huruma. "Kaka, umeumwa? Hebu nikuone." Kisha akakaza macho. Plastiki hizi huchapwa pembeni namba ya seti na herufi za jina la mwenyewe, na chini ya mdomo wa juu wa Abdulatif zilisomeka vizuri sana, kwa kuwa alikuwa ameisafisha vizuri sana.

"Hiyo namba nne ni ya kwangu," alisema Elinipa.

Bi Mwasiti akakunjua mikono.

"Mwanangu," alisema Bi Mwasiti polepole, "umekuja kuniposea binti, na mdomoni umevaa meno ya mwanamke mwingine?"

"Maavaa," alisema Abdulatif, akimaanisha maabara.

Nasra alishindwa kuendelea kutazama chini. Alicheka mpaka mtandio ukaanguka.

Ndipo Abdulatif alipoelewa alivyovuliwa nguo hatua kwa hatua. Nasra aliitambua harufu ya sabuni ya mama yake tangu kichupa cha kwanza. Bi Mwasiti aliomba majina, akayapata yamepangwa kwa vyeo, akayapitia yote kumi na manne akiulizia tabia, na katika kila ofisi alifungua kapu akaonyesha maji ya kilindini yanatoka kwenye sufuria gani. Kwa nusu ya bei. Maagizo aliyoyatunga mposaji yalikuwa tayari yamechapwa na Nasra kwenye lebo mpya, pamoja na nyongeza:

*Maji baridi ni sawa, brashi laini ya meno,*
*Usiitie kahawa, ukapoteza maneno.*

"Hiyo ya kahawa uliijuaje?" Elinipa aliuliza, akiwa amepiga magoti na mpini wa kijiko, akiibandua namba nne kutoka kwenye lile jino korofi.

"Kwenye karatasi ya daktari, shoga," alisema Nasra. "Niliuziwa karanga ndani yake."

Plastiki ikatoka kwa mlio. Wanawake watatu wakasubiri, maana walimjua mtu wao. Sasa angesema. Angeeleza kamba ndefu, utafiti, uwekezaji.

Abdulatif alilamba meno yake, akafungua mdomo, akaufunga.

"Hii barua siirudishi," Bi Mwasiti alisema hatimaye, akiiingiza chini ya mkeka. "Naiweka mpaka nione. Wateja wameongezeka na vichupa vinarudi vichafu. Kila asubuhi, saa moja kamili, hapa uani."

Jirani alichungulia juu ya ukuta, kwa kuwa kicheko kilikuwa kimemfikia. "Bi Mwasiti, huyo kijana ndiye mposaji? Anafanya kazi gani?"

Bi Mwasiti hakufikiri hata kidogo.

"Ananioshea chupa," alisema.

Ilikuwa sentensi moja.