Abiria Asiye na Anapokwenda

Idara ya Urithi wa Reli inawatangazia wananchi wote wa Ayalandi, kwa furaha na unyenyekevu, kwamba kuanzia sasa hakuna mtu atakayeruhusiwa kupanda garimoshi la kihistoria iwapo ana mahali anapokwenda.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Diarmuid Scahill, Mkaguzi Mwandamizi wa Kutokwenda Popote. Waziri alitia sahihi tu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu baadaye watu walianza kuuliza ni nani aliyeliandika, na ofisi nzima ikanyoosha kidole upande wangu.

Wasioelewa utawala walicheka. Acha wacheke. Reli ya kutoka Carrowdoo hadi Kilmorrin iling'olewa na Serikali enzi za babu yangu, baada ya wataalamu kuthibitisha kwamba hakuna aliyekuwa akiitumia. Umati uliojaa stesheni siku ya mwisho ukilia ulihesabiwa kuwa ni watazamaji. Miaka ikapita, wakaja wapenzi wa treni, wastaafu watupu: mwalimu, padri, meneja wa benki. Wakatandaza upya reli juu ya tuta lile lile la zamani kwa mikono yao, wakaenda kukitoa kichwa cha treni kilichokuwa kikiota kutu nyuma ya banda la ng'ombe, wakakiwasha. Kila Jumamosi kikawa kinavuta mabehewa mawili hadi Kilmorrin na kurudi. Hapo hapakuwa na tatizo lolote. Taifa letu linapenda sana vitu vilivyokufa, mradi visifufuke kupita kiasi.

Tatizo lilianza pale mtu alipopanda garimoshi kwa sababu alitaka kufika.

Maana ukishapata mtu mmoja aliyefika, garimoshi si urithi tena, ni usafiri. Na likiwa usafiri, watu watauliza kwa nini liliondolewa. Ndiyo maana nilitumwa Carrowdoo, na ndiyo maana nilimkuta Attracta Mulvihill amekaa behewa la kwanza, kikapu mapajani, mkate wa magadi umechungulia nje ya kitambaa.

"Mama, unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nani anauliza?"

"Idara."

"Idara ina mama yake?"

Nikamwambia mimi ni Scahill.

"Scahill wa darajani au wale wa duka la dawa?"

"Wa darajani."

"Ehe. Nilicheza dansi na babu yako. Alinikanyaga usiku kucha, na hakuomba radhi hata mara moja. Kaa, mwanangu, unanizibia mwanga."

Nikakaa. Ni vigumu kumkagua mtu aliyekanyagwa na babu yako. Lakini kazi ni kazi, na kidogo kidogo nikaupata ukweli. Mumewe, Jarlath, alikuwa katika nyumba ya wazee ya Kilmorrin, iliyopakana na stesheni ukuta kwa ukuta. Basi la kwenda huko lilikuwa limefutwa na idara ndugu yetu, kwa utafiti ule ule. Macho ya Attracta hayakumruhusu tena kuendesha gari. Kwa hiyo kila Jumamosi alipanda garimoshi kwenda kumwona mume wake, bila haya, mbele ya watu.

Nikamweleza kwa upole kwamba akiendelea hivyo nitalazimika kuifutia reli kibali chake.

Dereva wa garimoshi akashuka kutoka kwenye kichwa, akifuta mikono kwa tambara. Huyu ni Colman Breen, aliyekuwa daktari wa meno kabla ya kustaafu, na amebaki na tabia ya kumuuliza mtu swali na kutosubiri jibu.

"Kanuni yako inasema abiria anaweza kushuka Kilmorrin kutazama vielelezo vya urithi, ilimradi arudi na garimoshi hilo hilo. Ndiyo? Ndiyo. Na unajua Jarlath alikuwa akifanya kazi gani ujana wake? Hujui. Alikuwa mlinzi wa geti la reli, pale pale Kilmorrin, mpaka siku walipoing'oa reli. Haitauma."

Sikuona dosari. Kamati ya wapenzi wa treni ilikutana, ikanywa chai nyingi, na kumwandikisha Jarlath Mulvihill kuwa Kielelezo Namba Nne: mlinzi wa geti, hali nzuri, magoti yote mawili si ya asili. Kuhusu magoti palikuwa na mabishano makali. Meneja wa benki alisema urithi ni urithi, huwezi kuutia vipuri. Padri akamkumbusha kwamba hata kichwa cha treni kilikuwa kimebadilishwa tangi la mvuke, na wao wenyewe walilibusu.

Basi kila Jumamosi wauguzi wakawa wanamtoa kielelezo hadi kwenye jukwaa la stesheni, na kofia yake ya zamani na bendera ya kijani mkononi. Attracta akawa anashuka, anakitazama kielelezo kwa muda wa kutosha, anakilisha mkate, anakisomea ukurasa wa mbio za farasi, kisha anarudi na garimoshi. Siku moja nilimwona akikifuta makombo kidevuni. Katika taarifa yangu nililiita tendo hilo matengenezo madogo. Nakiri kwamba jambo hilo lilinifurahisha, ingawa furaha haimo katika majukumu yangu.

Waziri hakufurahi.

Mheshimiwa Lorcan Hanratty alifika Carrowdoo Jumamosi moja ya mvua kuzindua kibao cha shaba chenye jina lake. Dereva wake alimshusha, akaambiwa atangulie na gari Kilmorrin akale, maana Carrowdoo hakuna pa kula. Wapenzi wa treni walikuwa wamejipanga na kamera zao kama kawaida. Hao hupiga picha chochote kilicho karibu na reli, hata ndoo.

Waziri alihutubia kwa kirefu. Alipomaliza kusifu mvuke, alimgeukia Attracta aliyekuwa amesimama mbele na kikapu chake.

"Nimesikia kuna kielelezo kinachokula mkate," akasema. "Urithi hauli, mama. Kuanzia Jumamosi ijayo kielelezo hicho kitafutwa na kurudishwa ndani. Agizo nitalitia sahihi Jumatatu asubuhi ofisini."

"Na mimi nitamwonaje?" Attracta akauliza.

"Sheria ni msumeno, mama."

Attracta alikifunika kikapu vizuri, akakifunika tena. Nami nilisimama nyuma ya Waziri nikishika mwavuli, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nilitamani mwavuli huo uwe mdogo zaidi.

Wakati huo mto haukuwa ukisikiliza hotuba. Ulikuwa umepanda barabarani. Simu ya Waziri ikalia. Alikuwa dereva wake, kutoka Kilmorrin: barabara imezama, gari halirudi, na njia ya Dublin iko upande wake. Mara simu ikalia tena. Hii ilitoka Bungeni. Jioni hiyo wapinzani walikuwa wameitisha kikao cha dharura cha kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri mwenyewe, na hesabu zilikuwa zimekaribiana kiasi kwamba kura yake ilihitajika.

Kitu pekee kilichokuwa kikavu baina yake na Kilmorrin kilikuwa tuta la reli. Wazee wa zamani walilijenga juu.

"Haya, nipandisheni," Waziri akasema, mguu tayari kwenye ngazi ya behewa.

Nikajawa na fahari. Kiongozi mwenyewe anatoa mfano. Nikasimama mlangoni, nikavua kofia.

"Mheshimiwa, una mahali unapokwenda?"

"Nakwenda Dublin, mpumbavu wewe. Sogea."

Colman Breen akachungulia kutoka kwenye kichwa cha treni.

"Amesema ana anapokwenda? Amesema. Basi hawezi kupanda. Pole sana."

"Scahill," Waziri akaninong'oneza, "hii ni kanuni yangu."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kila abiria nimemwambia hivyo hivyo."

Attracta akapita kati yetu taratibu, akashika chuma cha ngazi. Nikamuuliza, kama nilivyomuuliza kila Jumamosi, iwapo ana mahali anapokwenda.

"Nani ana anapokwenda katika mvua hii?" akasema, akapanda. Kisha akageuka kumtazama Waziri. "Msumeno, baba. Unakata kwenda na kurudi."

Waziri aliangalia saa, akaangalia mto, akaangalia kamera. Halafu, kwa sauti ambayo wapenzi wa treni waliokuwa mbali walimwomba airudie, akatamka:

"Sina ninapokwenda."

Nikampandisha. Safari ilikuwa ya heshima. Waziri alikaa mkabala na Attracta, anatetemeka, maji yanamchuruzika kwenye kola. Attracta akamkazia macho kidogo, kisha akatoa chupa ya chai na kummiminia kifunikoni, kwa sababu huku kwetu hata adui hupewa chai kwanza.

"Mama, kitu hiki hakiwezi kukimbia?" Waziri akauliza.

"Urithi haukimbii. Kunywa ikiwa moto."

Tukafika Kilmorrin. Gari la Waziri lilionekana waziwazi, ng'ambo ya geti la reli, taa zinawaka, dereva ameshafungua mlango. Kutoka stesheni hadi pale kuna njia moja tu, na njia hiyo ni geti. Na mbele ya geti, kofia kichwani na bendera mkononi, alikuwa amesimama Kielelezo Namba Nne juu ya magoti yake yasiyo ya asili.

"Fungua," Waziri akasema.

"Geti halifunguliwi treni ikiwa stesheni," Jarlath akasema.

"Unajua mimi ni nani?"

"Abiria."

"Nitakufuta, mzee."

"Attracta ameshaniambia. Lakini ni kuanzia Jumamosi ijayo. Leo bado mimi ni urithi."

Waziri akatia mguu mmoja juu ya geti. Papo hapo kamera zote zilizokuja nasi garimoshini zikainuliwa, maana hakuna mpenzi wa treni anayekubali kukosa picha ya geti la asili likipandwa. Waziri akashusha mguu. Akanigeukia mimi.

Nilitafakari kwa dhati. Mtu huyu alikuwa ametamka mbele ya umma kwamba hana anapokwenda. Akivuka geti lile atakuwa amefika. Akifika, garimoshi limemsafirisha, reli imepoteza kibali, na Waziri wa Serikali amemdanganya mkaguzi wake mwenyewe. Sikuweza kuruhusu aibu hiyo impate. Nikamshika kiwiko kwa adabu, nikamrudisha behewani.

Attracta alimaliza kukitazama kielelezo bila haraka. Siku hiyo palikuwa na farasi wengi wa kusoma. Ndipo Jarlath akapunga bendera, Colman akapiga honi, nasi tukarudi Carrowdoo, Waziri amebandika uso dirishani akiliangalia gari lake hadi lilipopotea.

Jioni ile kura ilipigwa Bungeni. Hanratty alishindwa kwa kura moja. Agizo la kukifuta kielelezo halikutiwa sahihi Jumatatu, kwa kuwa aliyepaswa kulitia sahihi hakuwa Waziri tena, na Waziri mpya hajui Kilmorrin iko wapi. Tumeona si vizuri kumwambia. Jarlath yuko jukwaani kila Jumamosi, na mkewe humtazama.

Majuzi nilikuwa mlangoni mwa behewa kama kawaida. Akaja mzee mmoja, hana dereva, hana mwavuli, koti limelowa mabegani. Alikuwa Hanratty. Nikavua kofia kwa mazoea.

"Bwana, una mahali unapokwenda?"

Alifungua mdomo, akaufunga. Colman Breen, aliyezoea kuona midomo ya namna hiyo, alimtazama kwa huruma kutoka kwenye kichwa cha treni. Attracta akakiondoa kikapu kwenye kiti cha pili, akakipakata.

"Mpandishe, mwanangu," akasema. "Huyu hana."

Nikampandisha. Katika utumishi wangu wote, ndiye abiria pekee aliyetimiza masharti yote ya Idara.