Mwili wa Marejeo

Ninayo heshima ya kutangaza kwamba maumivu yasiyothibitishwa yamefutwa rasmi katika makao yetu ya wazee hapa Bordesley Green. Kamati ya Ukweli wa Mwili, ambayo mimi, Bethuel, ni mwenyekiti wake, imepitisha azimio hilo kwa kauli moja. Kauli hiyo ilikuwa yangu.

Zamani mhudumu mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili, aliaminiwa akisema viungo vinamuuma. Huo ulikuwa uzembe. Sasa anabandikwa kihisi mkononi. Kinasoma jasho na kupima uvimbe wa ndani. Watengenezaji walituletea vipimo vya watu elfu nane wenye afya ili tulinganishe. Tuliwaona wengi mno. Kamati ikateua mwili mmoja usio na shaka uwe Marejeo Rasmi. Nilikubali uteuzi huo kwa unyenyekevu.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Moraa, aliyeomba asirudishwe kuinua wazee vitandani. Valère, fundi wetu kutoka Bukavu, alisoma matokeo mara tatu.

"Chef, namba zake na zako ziko pareil. Ni moya tu."

"Basi dada ni mzima. Jumatatu arudi kuinua."

Moraa alijaribu kukunja ngumi. Vidole viligoma.

"Bosi, mimi hata chupa ya maji sifungui. Nikimwangusha shosho wa watu je?"

"Kihisi hakina huruma, dada. Ndiyo sifa yake."

Aliitazama karatasi ya matokeo.

"Ngoja kwanza. Hospitali ilishasema nina lupasi. Na wewe uko sawa na mimi. Ai, Bethuel! Vidole vyako huamkaje asubuhi?"

"Hukakamaa kidogo. Ni kutia sahihi."

"Na magoti?"

"Mikutano."

"Woi. Pole sana."

Valère alicheka mpaka akashika meza.

Hospitali imenipima na kukubaliana na Moraa. Makao makuu yamesoma barua ya daktari wake, yakamhamishia kazi ya mezani. Nami nikaomba vivyo hivyo, nikaambatanisha barua ya daktari wangu.

Ombi limekataliwa kwa kanuni ya nne ya Kamati, niliyoiandika mwenyewe: barua ya daktari haipingi Marejeo pale mwenye Marejeo anapohusika. Nililinganishwa na nafsi yangu. Tofauti haikuonekana.

Jumatatu naanza zamu ya Moraa.