Miwani ya Karani Kang'ethe

Jumamosi, 4 Agosti 1951

Nimeshindwa kwa upana wa gurudumu. Ndivyo wanavyosema. Mimi nasema sikushindwa.

Tarishi wa ghala letu la mahindi hapa Rongai amestaafu. Meneja akatangaza mashindano ya baiskeli, kutoka darajani hadi kwenye kamba ya katani iliyolazwa mbele ya mizani. Atakayevuka kwanza apewe kazi, baiskeli mpya na koti la mvua. Miaka tisa nimebeba magunia. Mgongo wangu unajua uzito wa kila shamba kutoka hapa hadi Molo.

Mwishoni tulibaki wawili: mimi na Kiprugut wa kinuni, kijana mwenye sweta jekundu na mapaja ya punda. Hakimu alikuwa Kang'ethe, karani wa mizani. Miwani yake ni minene kama kitako cha chupa. Akatazama, akaandika: Kiprugut. Nikamwambia afute. Akajibu kwamba kwenye mizani yeye huandika alichokiona kwa macho yake, na akishaandika kwa wino hafuti, hata aje Gavana.

Jumapili, 5 Agosti

Baada ya ibada nilimkamata Mwalimu Masinde wa shule ya misheni. Nikamwuliza kama kioo kinene kinaweza kumdhulumu mtu. Akaeleza kwamba mwanga huenda kasi ajabu, lakini ukiingia kwenye kioo hupunguza mwendo kwa theluthi moja hivi. Ukitoka, hurudia kasi yake.

Theluthi moja! Kumbe nilichelewa ndani ya miwani.

Mwalimu akaharakisha kuongeza kwamba uchelewaji huo ni mdogo mno, hakuna jicho linaloweza kuuona, na isitoshe magurudumu yetu yote mawili yalionekana kupitia miwani ileile. Nikamwuliza kama miwani ya Kang'ethe ina unene sawa kote. Akakiri kwamba kingo zake ni nene kuliko katikati. Basi. Kiprugut alipita katikati ya barabara. Mimi nilipita pembeni. Mengine aliyosema sikuyahitaji.

Jumatatu, 6 Agosti

Nimepeleka barua kwa meneja. Kifungu cha kwanza: mashindano yarudiwe. Cha pili: karani ahukumu kwa macho matupu. Cha tatu ndicho ninachojivunia: neno la karani liwe la mwisho, asisikilizwe mtu mwingine yeyote. Nusu ya watazamaji ni jamaa za Kiprugut.

Meneja akaisoma, akacheka hadi akakohoa, akaikubali. Kang'ethe hakucheka.

“Khaemba,” akaniambia, “nikivua hii miwani, siwezi kutofautisha gunia na mke wangu.”

Nikamwambia siku hiyo hakutakuwa na magunia.

Jumatano, 8 Agosti

Sina imani na Kang'ethe. Huenda akavaa miwani dakika ya mwisho. Nikarudi kwa Mwalimu Masinde, nikamkuta akisahihisha madaftari. Nikauliza kama kila mwanga hucheleweshwa sawasawa kwenye kioo. Akasema hapana, mwekundu hucheleweshwa kidogo kuliko wa buluu.

Sweta jekundu! Yule kijana si mjinga.

Nimempelekea Kiprugut shati langu la buluu la Jumapili, zawadi ya ndugu kwa ndugu. Akashukuru sana. Akaniuliza mara mbili kama naumwa. Akaahidi kulivaa siku ya mashindano.

Kisha nikamwomba mke wangu, Nabalayo, anishonee shati kwa kile kitambaa chekundu alichoweka kwa gauni la Krismasi la binti yetu, Truphosa.

“Baba Truphosa,” akasema, “karani akivua miwani, shati jekundu la nini tena?”

Nikamjibu kwamba mtego mmoja ni wa wavivu. Ameshona. Tangu hapo hajanisemesha.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Mnyororo wa Kiprugut ulikatika kwenye kona. Nilivuka kamba peke yangu, yeye akiwa hatua mia nyuma. Kang'ethe alikuwa amevua miwani na kuitia mfukoni, kama barua ilivyotaka. Akakodoa macho. Akaandika. Akasoma kwa sauti:

“Mwekundu ametangulia. Kiprugut, kama wiki iliyopita.”

Watu wakasema ni Khaemba. Kiprugut mwenyewe akafika akisukuma baiskeli, akasema hakushinda, ameshinda huyu mzee. Kang'ethe akamwomba meneja asome kifungu cha tatu. Meneja akasoma: asisikilizwe mtu mwingine yeyote. Chini yake, sahihi yangu, safi kabisa.

Nikamwomba Kang'ethe avae miwani anitazame. Akavaa. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

“Ni wewe kweli, Khaemba,” akasema. “Lakini wino umekauka.”

Jumapili, 12 Agosti

Kiprugut amekuja kanisani na baiskeli ya ghala, koti la mvua mkononi, shati langu la buluu mwilini. Limemkaa vizuri kuliko mimi. Akataka kulirudisha. Nimekataa. Sipokei sadaka.

Nabalayo ameanza kulipima shati jekundu kwa ajili ya gauni, nami bado nimelivaa. Anasema kesho niende kwenye magunia yangu na niachane na mwanga. Hilo pia nimekataa.

Nikamngoja Mwalimu Masinde mlangoni. Akatokea mlango wa nyuma. Nikazunguka. Nikamwuliza swali moja tu: ndani ya jicho lenyewe mna nini?

Akatazama njia ya kwenda kwake. Kisha akasema sehemu kubwa ni maji.

Nikauliza kama maji nayo hupunguza mwendo wa mwanga. Akasema ndiyo, kwa robo hivi, na akaniomba kwa jina la Bwana niishie hapo.

Robo! Kwa hiyo mara zote mbili Kang'ethe amenihukumu kupitia maji.

Barua nimeshaianza. Kifungu cha kwanza: karani asitumie macho.