Viti Sita vya Ndege ya Gavana

Habari ilimfikia Placide Mwenze akiwa kwa kinyozi, Bellevue, nusu ya kidevu imenyolewa. Aliyeileta ni Gustave, Mkongomani mwenzake, mlinzi wa lango kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya Johannesburg.

“Yaya, ile ndege ya gavana wetu iko pale siku ya nane leo,” alisema Gustave, akimwita kaka mkubwa kwa lugha ya kwao. “Imelala tu. Bwana mkubwa alikuja kutengeneza meno.”

“Na mama, mke wake?”

“Mama ananunua makochi.”

Placide alijifuta povu, akasimama. Mwaka uliotangulia, 2016, serikali ya jimbo lao ilitangaza redioni kwamba ndege hiyo imenunuliwa kubeba wagonjwa na chanjo za watoto hadi vijiji visivyo na barabara. Tangu hapo mgonjwa pekee aliyewahi kuipanda ni gavana mwenyewe. Mtu mwingine angesikitika. Placide, ambaye riziki yake ilikuwa kuwauzia watu vitu asivyokuwa navyo, aliona viti sita vitupu.

Alivaa suti ya kijivu, akaanzia mtaa wa Mayfair kwa Mansour, mtu wa Tanga, muuza simu, aliyekuwa na makasha manne ya mzigo wa kwenda Kongo ambayo asingependa forodha yoyote iyaone.

“Ndege ya serikali haikaguliwi, kaka,” Placide alimnong'oneza. “Nani amfungulie gavana mabegi?”

“Wewe gavana unamjua wapi, bwana wee?”

“Mimi ni mshauri wake wa mambo ya nje.”

“Ya nje ya nini?”

“Ya nje tu,” alisema Placide kwa uso wa msiba, akatoa barua yenye mihuri mitatu. Mansour aliihesabu mihuri, akaridhika.

Murielle, msusi wa Yeoville, hakuuliza hata barua. Yeye alitaka jambo moja duniani: wifi yake amwone anashuka ngazi za ndege ya gavana, mkoba mkononi. Kufikia Ijumaa viti vyote sita vilikuwa vimeuzwa, cha mbele mara mbili, na Placide alikuwa na tiketi ya basi la Durban, la Jumapili alfajiri.

Tatizo ni Murielle. “Papa Placide, mimi nataka kuiona kwanza,” alisema, na alipokataliwa akaanza kupaza sauti. Basi Jumamosi asubuhi Placide akampeleka yeye na Mansour uwanjani, Gustave akawaruhusu wasimame kwenye uzio. Ndege ilikuwa pale, nyeupe, nembo ya jimbo ubavuni. Murielle alitokwa na machozi.

“Ni nani hapa anayeuza viti vyetu?”

Aliyesema hivyo ni mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani: Célestine, mkuu wa itifaki wa gavana. Placide aligeuka aondoke. Célestine alimvuta kando.

“Unauza bei gani?”

Placide alitaja, karibu alie.

“Rahisi hivyo? Unatuharibia soko, baba.” Alitikisa kichwa kama mwalimu aliyeona daftari chafu. “Sisi viti tunauza kila safari. Lete ulichokusanya, tugawane mwisho wa safari. Abiria wako waje kesho na mizigo. Sahihi yako hapa, wewe ndiye mwakilishi wao.”

Karatasi zilikuwa tatu, za Kiingereza chembamba cha wanasheria. Placide, aliyeishi kwa karatasi ambazo wengine hawakuzisoma, alikabidhi fedha zote, akatia sahihi bila kusoma. Hata basi la Durban alilisahau. Aliona tayari maisha yake mapya: mtu wa serikali, mwizi mwenye ofisi.

Jumapili abiria walifika na mizigo, Murielle katika gauni la harusi ya mtu mwingine. Makasha yakapakiwa. Yakapakiwa makochi ya mama, kisha friji, kisha bwana mkubwa mwenyewe na meno yake. Célestine akasimama mlangoni.

“Poleni sana, ndege imefikia mwisho wa uzito. Mizigo itapokewa huko kwa utaratibu.”

Mlango ukafungwa. Ndege ikakimbia, ikaruka. Murielle alikuwa bado anapunga mkono.

Hapo akaja karani wa uwanja. “Bwana Placide Mwenze? Wewe ndiye uliyekodi ndege hii kwa safari binafsi. Mafuta, na maegesho ya siku zote hizi. Sahihi ni yako?”

“Nimeibiwa!” Placide alilia. Lilikuwa neno la kweli, na hakuna aliyeliamini. Mansour alikuwa amemshika tai. “Mpigie huyo mama. Sasa hivi, na sauti iwe juu.”

Walijaribu hadi jioni, ndipo Célestine akapokea, mchangamfu kabisa.

“Baba Placide! Kazi safi. Mzigo tumeuuza uwanjani hapa hapa. Mwezi ujao tunarudi, mama ana mguu unaomuuma. Tukusanyie wengine sita.”

Placide alifungua mdomo ajibu. Mansour akaiachia tai, akampokonya simu.

“Dada yangu, huyu hajui kuongea na watu,” alisema kwa sauti ya asali, akitembea kuelekea lango. “Mayfair yote inaniamini mimi. Hiyo kazi nipe mimi.”