Mimi, Kanali na Vipimo vya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Kanali, mbwa wa mama mkwe tunayeishi naye, anajikuna tena. Mabaka mekundu tumboni, magamba mgongoni. Nikatangaza: mzio! Nikampaka marhamu niliyochanganya mwenyewe. Mama mkwe alinitazama kwa heshima, mara ya kwanza tangu harusi. Ndipo shemeji, kaka wa mke wangu, akadai huenda ni saratani ya ngozi. Muuza matairi!

Jumatano, 6 Machi
Daktari wa mifugo amekubaliana na shemeji. Wote wanavaa miwani, nilitegemea nini? Eti saratani hii hujifanya mzio. Jumatatu atakata vipande vya ngozi, maabara ipime vinasaba vya seli. Zikiwa za koo mbalimbali, ni muwasho tu. Zikiwa zote uzao wa seli moja, ni saratani. Akaonya Kanali asipewe vidonge vya kutuliza muwasho kabla ya hapo, vitaficha ugonjwa. Shemeji akaitikia kwa kichwa kama profesa.

Jumamosi, 9 Machi
Mabaka yamezidi. Heshima inayeyuka. Kabatini kuna vidonge hivyo hivyo, nilipewa nilipovimba uso. Nimeanza kumpa ndani ya soseji. Nani atajua?

Jumatatu, 11 Machi
Muujiza! Ngozi imetulia. Mama mkwe akaisifu marhamu yangu mbele ya shemeji. Alivyonuna! Daktari alikata vipande vyake huku akishangaa. Maskini, na elimu yote ile.

Jumatatu, 25 Machi
Majibu: hayaeleweki. Daktari akauliza kama mbwa alipewa vidonge. Nikakagua dari. Mke wangu akatoa pakiti tupu mkobani, akaniuliza kama uso umevimba tena. Lo! Kanali ametoka vidonda, itabidi akatwe vipande upya. Mama mkwe alimpakata akilia, akasema tangu afiwe na mumewe ni mbwa huyu tu anayemwamsha asubuhi. Nilijisikia vibaya sana. Sikula hata chakula cha jioni.

Alhamisi, 11 Aprili
Uzao wa seli moja. Saratani. Daktari anasema dawa zitamwongezea muda, ila tungewahi angepata zaidi. Na miongoni mwa dawa zenyewe? Vidonge vyangu! Kumbe mimi ndiye niliyeanza matibabu! Nilipowaeleza hivyo, mama mkwe alimbeba Kanali, akahamia kwa shemeji bila kuniaga. Wivu ni kitu kibaya.
Paka wa jirani anachechemea. Nimemwambia jirani asijisumbue kwenda kwa daktari.