Sura ya Tisa

Jumatatu, 6 Julai 1953. Kahama.
Mjomba Marcel karudi kutoka kwa kina Apolonia. Jibu la posa bado! Apolonia, muuguzi wa zahanati ya misheni, kasema atajibu baada ya kikao cha klabu ya wasomaji, Jumamosi. Tutajadili kitabu cha hadithi ya kale: mchoraji, mapenzi yake, na kama uzuri na wema ni kitu kimoja. Anataka mume anayesoma. Ole wangu! Mwalimu Theonest naye kaposa, na yeye ana baiskeli na miwani. Mimi karani wa kinu cha mpunga, kitabu hunilaza kabla sijakifungua.

Kitabu ni kimoja, tunapokezana. Theonest kanikabidhi leo, kajigamba kakisoma mara mbili. Nimekipeleka moja kwa moja kwa Donatus, fundi cherehani, anisomee kisha anisimulie. Nimempa kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Akili ninayo, watu tu hawanijui.

Jumatano, 8 Julai.
Donatus kamaliza. Kalia mpaka kalowesha suruali ya mteja. Anasema mchoraji alichora warembo wa mji mzima, lakini aliyempenda ni muuza maji mwenye makovu ya ndui. Nikamwambia mchoraji huyo hana macho. Akanuna. Akaongeza kwamba kitabu kina milango kumi, ila mlango wa tisa haupo, mchwa wameula wote. Nikamwambia asinisumbue na milango, hatujengi nyumba.

Nafika nyumbani, barua ya Apolonia! Ananiarifu kwamba Jumamosi ataniuliza habari za sura ya tisa, nijiandae. Mayu wane, mama yangu! Mbio hadi kwa Donatus. Nikamuuliza mchoraji kachora watu wangapi. Sikumwambia sababu, maana ana mdomo. Tukahesabu kwa vifungo vya shati. Nane! Tukarudia. Nane. Huyo wa tisa ni nani?

Ijumaa, 10 Julai.
Nimeamua kumbuni. Mwanya, ufizi mweusi, shingo yenye pingili, kidoti shavuni. Nikaenda kumjaribia Mama Justa, muuza maandazi, nione kama maneno yanaingia. Nilipofika kwenye kidoti akainua mwiko. Akataka kujua nimemtazama binti yake Justa saa ngapi hata nikazijua pingili. Nimekimbia na andazi mkononi. Sura yangu ya tisa imekufa, kwa maana Mama Justa naye huja klabuni.

Jumamosi, 11 Julai.
Siku gani hii! Ukumbi umejaa. Theonest ndiye aliyeanza. Kumbe naye kapata barua kama yangu! Kaisimulia hiyo sura ya tisa hadi jasho likamtoka: mchoraji kavunja brashi, kapiga magoti, muuza maji kamsamehe. Akina mama wakajifuta macho. Apolonia akamuuliza kama ana hakika. Akajibu anaijua kama kiganja chake.

Zamu yangu. Mama Justa yupo mstari wa mbele, ananikodolea. Uongo wote umenikauka. Nikasema basi tu, nimehesabu mara mbili, ziko nane. Ya tisa nimeitafuta, sikuiona. Nikaomba radhi, nikakaa. Nikajua nimemkosa Apolonia.

Apolonia akasimama, akakifungua kitabu mbele ya watu. Hapo karibu na mwisho mchwa wamekula, vumbi likamwagika. Akasema alitaka kujua nani kasoma na nani anasema tu, na kwamba mtu anayekiri asichokiona ndiye mwema. Makofi! Theonest akakumbuka ana madaftari ya kusahihisha. Mimi nimehema kama niliyetua gunia la mpunga. Hao mchwa wameingiaje katika habari hii, sijui, wala sikuuliza.

Wakati wa kutoka akaninong'oneza kwamba kesho ataniletea sura ya tisa, niitunze. Picha yake! Picha ya Apolonia! Nimepita kwa Jilala seremala, anachonga fremu.

Jumapili, 12 Julai.
Baada ya Misa kanipa bahasha nene. Nimeifungulia chumbani. Makaratasi! Kurasa sita za mwandiko wake, mbele na nyuma. Picha kaisahau, maskini, kwa haraka za kanisani. Hata hivyo ana mwandiko mzuri. Nitampa Donatus asome akipata nafasi.

Fremu nzuri isikae bure. Nimetia picha yangu ya suti. Ikawa inachezacheza, basi nikayakunja yale makaratasi, nikayasindilia nyuma. Imekaza sawasawa.

Jumatatu, 13 Julai.
Nimekutana na Apolonia njiani. Akaniuliza, kwa haya, kama sura ya tisa nimeisoma. Sikuelewa picha inasomwaje, lakini sikutaka kumwaibisha kwa usahaulifu wake. Nikamwambia iko kwenye fremu, ukutani, juu ya kitanda. Machozi yakamtoka! Akasema hajaona mwanamume wa namna hii. Mjomba Marcel aende Jumamosi, wazee wake watampokea.

Wabeja, asante, Mungu wangu! Nimepona! Kusoma kumbe si kazi ngumu. Kanipa na kitabu kingine, kinene zaidi, tukijadili tukishaoana. Nimeshampelekea Donatus michembe.